Mteremko Uliokwisha Kukanyagwa

Tangu miaka ya 1930 wataalamu wa Davos, mji wa milimani katika Uswisi, wamekuwa wakiichunguza theluji na tabia zake, na hata hivyo kila majira ya baridi wapo wapanda milima na watelezao kwa skii wanaofukiwa hai, si kwa kukosa habari bali kwa kuzifahamu visivyo. Taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji hutolewa kwa daraja 5, na wengi waionapo ya 3 hudhani kuwa wamo baina ya salama na maangamizi. Kumbe hatari haipandi kwa vidato vilivyo sawa, na takriban nusu ya vifo vya huko hutokea siku za daraja hiyo, ambapo aghalabu mbingu ni nyeupe na nafsi imejaa shauku.

Lakini kosa zito zaidi, kwa rai yangu, ni kuzitegemea nyayo za waliotangulia. Theluji haba ya mwanzo wa msimu, ikibanwa baina ya ardhi yenye vuguvugu na hewa kali ya baridi, hugeuka chembe kavu zisizoshikana, mfano wa chumvi ya mawe. Kisha upepo huja ukalaza juu yake tabaka gumu. Watu 10 waweza kupita penye unene wasidhurike, na wa 11 akakanyaga palipo pembamba, chembe zikavunjika, ufa ukakimbia, na mteremko mzima ukashuka naye. Huenda kabla ya hapo kilisikika kishindo kizito cha chini kwa chini, ambacho ni onyo la wazi. Na aliyekisikia, akiwa mgeni miongoni mwa mabingwa, aliona haya kusema.

Kila msafiri sharti achukue kijiredio cha ishara, ufito wa kuchomea theluji na beleshi, wala asivifanye hirizi, kwani baada ya dakika 35 wengi waliofukiwa huwa wamekwisha kufa, ilhali helikopta haijafika. Mwokozi ni mwenzako aliyekwisha kufanya mazoezi.

Basi kabla ya yote upimwe mteremko. Maporomoko mengi huanzia penye digrii 30 hadi 45, na yakianza hufika hata tambarare iliyo chini, mahali ambapo wasafiri hupenda kutua na kula. Penye shaka watu wavuke mmoja mmoja, wengine wakimtazama kutoka pembeni.