Sheria ya Mwenye Gari Haimkingi Abiria

Swali linakuja kwa sura nyingi lakini kiini chake ni kimoja: "Nina bastola yangu halali na kibali cha Texas. Nikiifungia ndani ya begi, si sheria ya shirikisho inaniruhusu kupanda nayo basi au treni hadi New York?" Jibu ni hapana, na haligeuki kuwa ndiyo kwa sababu swali limeulizwa tena kwa maneno mengine. Mara nyingi anayeuliza ameshapewa jibu na muuza bunduki au na rafiki anayeendesha lori, na anachotafuta ni mtu wa kumpigia muhuri tu. Hapa hatapigiwa.

Kosa hili linaeleweka kwa mtu aliyetoka kwetu. Kenya, kwa mfano, leseni hutolewa na bodi moja kwa niaba ya nchi nzima, hivyo mwenye leseni ya Kisumu hadhani ataigeuza haramu akifika Mombasa. Marekani haina kibali cha kitaifa cha raia kubeba silaha. Kila jimbo lina sheria yake: Texas tangu 2021 haimdai kibali mtu mzima asiye na kizuizi cha kisheria anayetaka kubeba bastola, ilhali New York haitambui kibali cha jimbo jingine lolote. Muswada wa kulazimisha majimbo yatambuliane ulipita Baraza la Wawakilishi Desemba 2017, lakini Seneti haikuupitisha. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia alivuka daraja kuingia New Jersey, akasimamishwa na polisi wa barabarani, na mwenyewe akawaambia kwamba ana bastola na kibali cha Pennsylvania. Alishtakiwa kwa kosa lenye kifungo cha miaka. Kilichomsafisha mwishowe hakikuwa kile kibali bali msamaha wa Gavana Chris Christie, mwaka 2015.

Wajuaji wakibanwa hapo hukimbilia sheria ya 1986, ile waiitayo ya "kupita salama", na hapa ndipo upotoshaji mkubwa unapolala. Ni kweli Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayomruhusu msafiri kuvuka jimbo lenye masharti makali akiwa na silaha. Lakini isome. Inataka mahali unapotoka uwe na haki ya kumiliki na kubeba silaha hiyo, na unapokwenda vilevile; kwa hiyo yule wa Texas anayekwenda kukaa New York bila kibali cha huko ameanguka kabla hajakata tiketi. Inataka silaha iwe haina risasi. Inataka silaha na risasi zote mbili zisifikike kutoka sehemu wanapokaa abiria, na kama gari halina buti lililotengwa, viwe kwenye kisanduku chenye kufuli, tena si kile cha dashibodi. Hebu basi tujiulize: sheria yenye kuzungumzia sehemu ya abiria na dashibodi ilimfikiria nani? Ilimfikiria mtu mwenye gari lake, anayejaza mafuta na kuendelea na safari. Abiria aliyebana begi katikati ya magoti ndani ya treni ya chini ya ardhi hayumo, kwa sababu begi lake li mkononi mwake, na kilicho mkononi kinafikika.

Wala hayo si maoni ya mwandishi huyu tu. Mwaka 2005 msafiri mmoja kutoka Utah alikuwa anakwenda Allentown, Pennsylvania, kwa ndege, akibadilishia Newark, New Jersey. Alifanya kila anachoagizwa msafiri mwema: bastola haina risasi, imefungwa, ameitangaza kaunta alikoanzia. Akakosa usafiri wa kuunganisha, akarudishiwa mzigo wake, akalala hotelini karibu na uwanja. Asubuhi alirudi uwanjani akaitangaza tena bastola yake, kwa uaminifu uleule, na polisi wakamkamata. Alikaa mahabusu siku kadhaa. Mashtaka yakafutwa baadaye, ila mali yake hakurudishiwa mpaka 2008. Alipodai haki yake, Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tatu ilisema mwaka 2010 kwamba usiku ule hotelini silaha ilikuwa karibu naye na angeweza kuifikia, basi kinga ya 1986 ilikwisha pale alipolishika begi. Miaka mitatu baadaye mahakama hiyohiyo, ambayo uamuzi wake unafunga New Jersey, Pennsylvania na Delaware, ilikwenda mbali zaidi: kinga ile ni ya usafirishaji ndani ya gari, si ya mtu anayetembea kwa miguu na begi lenye bastola ndani ya uwanja wa ndege. Na kwa wanaojipa moyo kwamba wakionewa watashtaki wapate fidia, Mzunguko wa Pili, wenye mamlaka juu ya New York, uliamua 2010 kwamba kifungu hicho hakimpi msafiri haki ya kuwadai polisi. Kifungu chenye ulinzi mdogo namna hii ndicho watu wanakisambaza kwenye vikundi vya WhatsApp kama hirizi.

Kuna pingamizi lenye uzito zaidi. Je, Mahakama ya Juu haikusema katika kesi ya Bruen, Juni 2022, kwamba haki ya kubeba silaha hadharani imo ndani ya Katiba? Ilisema, na iliifuta sheria ya New York iliyomdai mwombaji athibitishe haja ya pekee. Lakini uamuzi huohuo ulikubali kwamba yapo maeneo nyeti ambamo silaha yaweza kukatazwa, na New York haikukawia kuviingiza vyombo vya usafiri wa umma katika orodha yake. Mabishano yanaendelea. Huko Illinois, jaji wa shirikisho aliona mwaka 2024 kwamba katazo la silaha kwenye mabasi na treni linavunja Katiba, na wengi wakashangilia bila kusoma kwamba uamuzi ule uliwahusu walalamikaji wanne tu; Septemba 2025 mahakama ya rufani ikautengua. Anayetaka kuipima Katiba ana njia ya wakili na hati ya madai. Kuipima kwa kupanda treni na bastola kiunoni ni kujitolea kuwa mshtakiwa.

"Na nikivamiwa usiku?" Hofu hiyo si ya kubezwa. Ila kujilinda na kubeba ni mashtaka mawili tofauti. Desemba 1984 Bernhard Goetz aliwapiga risasi vijana wanne ndani ya treni ya New York, akidai walitaka kumpora. Baraza la wazee wa mahakama lilimwachia mwaka 1987 katika shtaka la kujaribu kuua. Bastola isiyo na kibali ndiyo iliyompeleka jela.

Yanayowezekana ni machache. Ndege: silaha bila risasi, ndani ya kisanduku kigumu chenye kufuli, itangazwe kaunta, iende na mizigo inayokabidhiwa, kamwe isiwe kwenye begi la mkononi. Mwaka 2024 wakaguzi wa TSA, idara ya shirikisho ya usalama wa usafiri, walinasa silaha 6,678 vituoni mwao, takriban asilimia 94 zikiwa na risasi ndani, na "nilisahau" haimwepushi mtu na faini. Ukikwama njiani kwenye jimbo kali, usipokee mzigo: omba shirika la ndege au polisi wa uwanja waushike. Amtrak, shirika la treni za masafa marefu, huruhusu tangu Desemba 2010, lakini ni kwenye mizigo ya kukabidhi tu, kwa taarifa ya saa 24 kabla, na kwa treni zenye huduma hiyo katika vituo vyote viwili. Greyhound inakataa kabisa, juu na chini ya basi. Uber nayo inakataza. Kwa treni na mabasi ya mjini, angalia sheria ya jimbo na ya mji siku ileile ya safari.

Na kabla ya hayo yote, tazama hadhi yako ya uhamiaji. Aliyeko Marekani kwa viza ya masomo au ya matembezi, isipokuwa kwa misamaha michache kama ya mwenye leseni ya uwindaji, amekatazwa na sheria ya shirikisho kumiliki silaha yoyote ya moto, iwe ndani ya basi au uvunguni mwa kitanda chake. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kumiliki, lakini akitiwa hatiani kwa kubeba silaha kinyume cha sheria, kosa hilo peke yake linatosha kumfukuzisha nchini. Swali hilo mpelekee wakili wa uhamiaji, si muuza bunduki.