Neno Christmas na Mkazo Wake

Sikukuu ya kuzaliwa Bwana wetu Yezu Kristu, tarehe 25 Desemba, huitwa Noeli katika Kongo. Jina hilo limetoka kwa Wafaransa. Lakini ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Tanzania, watu wengi husema Krismasi, nalo ni jina la Waingereza. Haya, lifungueni jina hilo mwone lina nini ndani yake.

Waingereza huandika Christmas. Ndani yake mna majina mawili yaliyoshikana: Christ, ndiye Kristu, na Mass, ndiyo Misa. Miaka 900 na zaidi iliyopita wazee wao walisema Cristes mæsse, yaani Misa ya Kristu. Zile herufi -es zilifanya kazi ya neno "ya" katika Kiswahili. Hesabuni silabi, yaani vipande vya neno: Cris-tes mæs-se. Ni nne. Leo zimebaki mbili tu. Nyingine zimekwenda wapi?

Zimeliwa na mkazo. Mwingereza akiunganisha majina mawili kuwa moja, mara nyingi hukaza sauti juu ya la kwanza, na la pili hulegea. Christ peke yake hutamkwa "Kraist". Katika Christmas husikika "Kris" tu, na t haisikiki kabisa. Mass nayo humezwa, ikawa kama "ms". Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika kwa kufuata sikio huiacha t, na hapo amelikata jina la Kristu pasipo kujua.

Wala mkazo huo si pambo. Black maana yake -eusi, na bird ni ndege. Mwingereza akiyakaza yote mawili, black bird, anasema habari ya ndege ye yote mweusi. Akikaza la kwanza tu, blackbird, ni ndege wa aina moja ya kwao; na ajabu, jike wake si mweusi, ni wa rangi ya kahawia!

Kiswahili hufanya kinyume. Semeni: mwana. Sauti imekazwa juu ya mwa. Semeni: kondoo. Imekazwa juu ya ndo. Sasa semeni kama katika Misa: Mwanakondoo. Mwa imelegea, ndo imechukua nguvu yote, kwa kuwa Kiswahili hukaza silabi iliyo kabla ya ile ya mwisho.

Basi neno Christmas lilipoingia katika Kiswahili lilitiwa i mwishoni, maana maneno ya Kiswahili hupenda kuisha kwa vokali. Silabi zikawa tatu: Kris-ma-si, na mkazo ukahamia ma. Mwingereza hukaza penye jina la Kristu, Mswahili hukaza penye Misa.

Zoezi: Someni kwa sauti: mwanafunzi, mwanajeshi, mwana mwema. Wapi mnasikia mikazo miwili? Kwa nini?