Linux: mfumo wa kompyuta wa wachache unaowafaa wengi

Na Mwandishi Wetu, Tibirinzi, Pemba

WENGI wa wanaotumia kompyuta hapa Tibirinzi na kwengineko mjini Chake Chake huamini kuwa kompyuta na Windows ni kitu kimoja. Mashine ikiwashwa, Windows ndiyo inayojitokeza. Ikiharibika, mwenyewe humpelekea fundi na kuuliza bei ya “kupiga window” upya.

Ukweli ni kwamba Windows ni mmoja tu kati ya mifumo endeshi, yaani ile programu mama inayoiwezesha kompyuta kupokea amri, kuhifadhi mafaili na kuendesha programu nyengine zote. Upo mwengine uitwao Linux, ambao watumiaji wake katika kompyuta za mezani na za mpakato duniani hawafiki hata kumi kwa kila mia.

Jambo hili limepata uzito mpya tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ya Marekani, inayotengeneza Windows, ilisitisha huduma ya kawaida ya kuirekebisha Windows 10. Isipokuwa kwa waliojiandikisha katika muda wa nyongeza, mianya mipya ya usalama inayogunduliwa haizibwi tena. Windows 11 nayo haizikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Kwa mwenye duka la steshenari aliyenunua kompyuta ya mtumba, maana yake ni kwamba mashine nzima, isiyo na kasoro, inahesabiwa kuwa imekwisha muda wake.

Linux ilianza Agosti 1991, pale Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alipowatangazia wenzake kuwa anatengeneza mfumo endeshi kwa kujifurahisha tu. Mwaka uliofuata aliuweka chini ya leseni iliyobuniwa na Mmarekani Richard Stallman, ambaye tangu 1983 alikuwa akiendesha harakati za programu huria. Leseni hiyo humruhusu yeyote kuitumia programu, kuifungua na kuona ilivyoandikwa, kuirekebisha na kumpa jirani nakala, kwa sharti kwamba akiisambaza asiwanyime wengine haki hizo hizo. Hilo sharti dogo ndilo lililoikuza Linux, kwani kila aliyeiongeza alilazimika kukiacha wazi alichokiongeza.

Afrika nayo ina sehemu yake katika habari hii. Oktoba 2004, Mark Shuttleworth, tajiri wa Afrika Kusini aliyekuwa amesafiri anga za juu mwaka 2002, alitoa toleo la Linux aliloliita Ubuntu. Neno hilo ni la Kizulu na Kixhosa, na Mswahili hahitaji kamusi kulielewa: ni utu. Hadi mwaka 2011 kampuni yake ilikuwa ikimtumia sidii za Ubuntu kwa posta, bila malipo, yeyote aliyeomba popote duniani. Enzi hizo kupakua megabaiti 700 kwa intaneti ya Pemba ulikuwa mtihani, na umeme wenyewe ulitoka katika majenereta ya dizeli mpaka mwaka 2010 ulipowasili ule wa Tanga kupitia waya wa chini ya bahari.

Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia barua na kupigia hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Microsoft nayo ilitangaza mwaka huo mpango wa kuileta programu yake ya ofisi kwa lugha yetu. Jambo haikuenea. Kompyuta zilikwisha kuingia maofisini zikiwa na Windows ya Kiingereza, na aliyekwisha kukariri amri kwa Kiingereza aliona Kiswahili ndicho kigeni! Hata hivyo, kazi ile ilithibitisha kuwa palipo na programu huria hapana haja ya kumsubiri mwenye mali aone faida ndipo lugha itafsiriwe.

Kwa mtumiaji wa mjini, mvuto mkubwa zaidi wa Linux pengine ni flashi. Mtu huchapisha barua dukani, hurudi nyumbani na kukuta makabrasha yake yamegeuka vijia vya mkato visivyofunguka. Virusi vya aina hiyo huandikwa kwa ajili ya Windows. Vikiingia katika kompyuta ya Linux haviwezi kujiendesha, na mwenye flashi anaweza kuvifuta na kuyaona mafaili yake yaliyofichwa. Haina maana kuwa Linux haishambuliki. Lakini tatizo hili la kila siku haliijui.

Tena nakala nyingi za Windows zinazowekwa mitaani hazina leseni, na baadhi huja na wadudu wake. Linux ni bure kwa halali.

Vikwazo vipo na si vidogo. Mafundi wanaoijua ni wachache, baadhi ya printa huisumbua, na matangazo ya kazi hutaka ujuzi wa Microsoft Office kwa jina. Waraka ulioandikwa kwa Word ukifunguliwa katika LibreOffice, mrithi wa OpenOffice, mara nyengine majedwali yake husogea. Anayetegemea programu maalumu ya uhasibu iliyotengenezwa kwa Windows abaki alipo.

La kuchekesha ni kwamba wengi wanaoiogopa Linux wanayo mfukoni, kwani Android, inayoendesha simu nyingi za kisasa, imejengwa juu ya kiini chake.

Anayetaka kuijaribu si lazima afute chochote. Linux Mint, toleo lililoanza mwaka 2006, lina aina iitwayo Xfce inayoweza kuendeshwa na kompyuta yenye memori ya gigabaiti 2, ingawa 4 ni bora. Hupakuliwa, faili lake likiwa na takriban gigabaiti 3, kisha huandaliwa katika flashi tupu, na kompyuta huwashwa kupitia flashi hiyo. Kabla ya kuamua kuiweka moja kwa moja, ajaribu kwanza printa, sauti na intaneti, na mafaili yake ayahifadhi nakala mahali pengine.