Darasa la 2022–2025 Linaondoka: Miaka Minne, Misimu Minne

Msimu huu wa mahafali afisa ugani naye hualikwa kula pilau. Shule moja ya kata ninayoihudumia huku Nyanda za Juu Kusini iliniomba nikae na kidato cha nne kabla hawajaingia kwenye mtihani wa taifa wa Novemba. Nikawauliza swali moja tu: miaka minne mmelima shamba la shule, mnaondoka na nini?

Kwanza wakacheka. Halafu mmoja akajibu kwamba anaondoka na hasira na jembe, na darasa zima likapiga makofi.

Nimeandika haya kwa sababu wengi wenu mnaosoma hapa mlipita huko huko. Leo mnalima kibiashara, mna vibarua, na pengine mna madeni. Ukiangalia vizuri utakuta mazuri na mabaya mengi unayoyafanya shambani uliyachukua shuleni.

Misimu minne waliyopitia

Darasa hili liliingia kidato cha kwanza Januari 2022. Mwaka ule mbolea ilikuwa imepanda bei hadi wazazi wengi wakapanda bila kuweka kitu. Ruzuku ikaanza Agosti 2022, watu wakajisajili kupata namba zao. Mwanzoni mwa 2023 mahindi yalikuwa ghali, mwenye gunia stoo alikuwa mfalme. Mwishoni mwa mwaka ule zikaja mvua za El Nino. Walipofika katikati ya kidato cha tatu, 2024, bei ya mahindi ikashuka, na wale waliolima sana kwa kufuata bei ya mwaka uliopita wakabaki wanatazamana na magunia.

Sekondari za serikali hazitozi ada tangu 2016, lakini sare, daftari na mchango wa chakula vipo. Kwa hiyo watoto hawa waliijua bei ya mahindi kabla hawajafundishwa mahitaji na ugavi. Mwaka bei ilipokuwa nzuri, viatu vilipatikana. Iliposhuka, viatu vilishonwa.

Jembe la adhabu

Sasa turudi kwenye ile hasira. Ukichelewa namba, jembe. Ukipiga kelele, fyekeo. Ukishindwa kuongea Kiingereza, ndoo mbili za maji bustanini. Na kumbuka hawa walitoka shule ya msingi wakisoma kwa Kiswahili, halafu ghafla kila somo likawa Kiingereza. Yaani mtoto anapalilia kwa sababu lugha imemshinda!

Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere, mwaka 1967, haikusema hivyo. Ilitaka shule iwe na shamba, wanafunzi washiriki kupanga, na waone faida ya jasho lao. Ukiondoa kupanga na kuona faida, kinachobaki ni jasho tu. Kijana aliyefundishwa kwamba kulima ni adhabu, ukimpa ekari tano atakimbilia bodaboda, na huwezi kumlaumu.

Darasa hili lilipata bahati mwaka wa mwisho. Mwalimu wao aligawa shamba la ekari mbili katika vipande vinne, kila kundi likapewa kipande chake na daftari lake, na mahindi yote yakaenda kwenye makande yao wenyewe. Tarehe ya kupanda, tarehe ya palizi, mbolea kiasi gani, vyote viliandikwa. Kundi lililopalilia mapema lilivuna mahindi yaliyojaa hadi nchani. Waliochelewa walivuna magunzi yenye mapengo. Hakuna aliyechapwa, daftari lilisema lenyewe. Na ndilo jambo walilolizungumza kwa furaha kuliko yote, hata kuliko mpira.

Masomo waliyodhani hayana kazi

Nikawaambia tuchukue masomo yao moja moja, tuone yanalipa wapi.

*Hisabati.* Huku kwetu ekari hupimwa hatua 70 kwa 70. Hatua za nani? Ekari kamili ni kama meta za mraba 4,047. Mwenye shamba akiwa na hatua ya sentimeta 80, hatua 70 ni meta 56. 56 kwa 56 ni meta za mraba 3,136. Umelipia ekari, umepata zaidi kidogo ya robo tatu. Na mbegu na mbolea umenunua za ekari nzima! Beba futi ya kamba. Ukitaka kona iwe sawa, pima meta 3 upande mmoja, meta 4 upande wa pili, na mshazari uwe meta 5. Huyo ndiye Pythagoras mliyemlalamikia.

Endelea hapo hapo. Mahindi ya sentimeta 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, ni karibu mimea 18,000 kwa ekari. Tuseme kila mmea unakupa gramu 100 za punje, hiyo ni kilo 1,800, gunia 18. Ukipanda kwa kukadiria ukabaki na mimea 10,000, una gunia 10. Hizo gunia nane umezipoteza siku ya kupanda, kabla hata ya kiwavi kufika.

*Kemia.* Wote walikumbuka gesi ya ammonia inayogeuza litmasi nyekundu kuwa bluu. Ukimwaga Urea juu ya udongo na kuiacha juani, sehemu ya naitrojeni inaondoka kama gesi hiyo hiyo. Mfuko wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Fukia, weka udongo ukiwa na unyevu, na usiweke mvua kubwa ikiwa inakuja.

*Baiolojia.* Yai, kiwavi, buu, nondo. Waliichora kidato baada ya kidato. Viwavijeshi vamizi, waliotufikia 2017, huuawa kirahisi wakiwa wadogo. Akishaingia ndani ya moyo wa mhindi, dawa haimfikii vizuri na hela yako imekwenda. Kagua shamba mara mbili kwa wiki tangu mahindi yanapoota.

Hesabu iliyokosekana

Hapa nikawabana kidogo. Walisema shamba la shule lina faida kubwa. Nikauliza, kibarua mlimlipa shilingi ngapi? Kimya.

Wanafunzi 60 wakipalilia saa mbili, hiyo ni saa 120, sawa na siku 20 za mtu anayefanya kazi saa sita. Tuseme siku moja ni shilingi 8,000. Palizi moja ni shilingi 160,000 ambazo hazipo kwenye daftari. Na kuna palizi ya pili, kuvuna, kupukuchua.

Vijana wengi mnaanguka hapa. Mnaanza na nguvu zenu na za wadogo zenu, mnaona faida, mnaongeza ekari, halafu vibarua wa kulipwa wanaimeza faida yote. Jiandikie mshahara hata kama hujilipi. Shamba likishindwa kuulipa kwenye karatasi, usiongeze hata robo ekari.

Wanaondoka kwenda wapi?

Mtihani ni Novemba, matokeo hutoka Januari, kidato cha tano huanza Julai. Mvua zetu zinaanza wakati huo huo wa Novemba na Desemba. Kwa hiyo kila mhitimu wa huku ana msimu mmoja mzima mkononi.

Ushauri wangu kwao ulikuwa robo ekari tu. Maharage, ambayo aina nyingi hukomaa ndani ya miezi mitatu, au mahindi ukiwa na mbolea ya kutosha. Daftari liwepo kuanzia siku ya kwanza. Usikope kwa ajili ya zile hesabu za simuni zinazosema ekari moja ya tikiti ni mamilioni. Asiyechaguliwa kidato cha tano na ana ufaulu wa sayansi, aangalie cheti kwenye vyuo vya kilimo kama Uyole, Ilonga, Tengeru au Ukiriguru. Mwenye miaka 18 anaweza kujiunga na kikundi cha vijana na kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, akishakuwa na rekodi za kuonyesha.

Mabinti walikuwa na swali lao. Kaka zao wameonyeshwa vipande vya ardhi, wao wanaambiwa wataolewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi na mwanaume. Nimewaambia waanze na baba mezani, kwa heshima, wakiwa na daftari la kipande walicholima. Mzee akiona gunia, maneno hupungua.

Na wewe uliyekwisha toboa, nina ombi. Mwaka huu mchukue mhitimu mmoja wa kata yako msimu mzima. Mlipe kama kibarua mwingine, mkabidhi kamba ya kupimia na daftari, mwoneshe bei uliyonunulia na bei uliyouzia, hata mwaka wa hasara. Usimpe jembe kwa sababu amekukosea. Mpe kipande chake, muulize atakipanda vipi, na mvune pamoja.

Mbegu zimeshaanza kufika madukani. Nunua mapema, dai risiti, na kila la heri kwa madogo wote wanaoingia chumba cha mtihani.