Ujira wa Ghalani (2): Nani Anayelishwa na Kadi ya Chakula?

Wiki iliyopita tulieleza kazi yenyewe ya ghalani: kupokea mzigo, kuupanga rafuni, kuutafuta huku saa ikihesabu, kuufunga na kuupakia. Leo tuutazame ujira. Imekuwaje mtu avuje jasho juma zima katika nchi tajiri kama Marekani, kisha aombe serikali imsaidie kula?

Tuanze na hesabu. Oktoba 2018 kampuni ya Amazon ilitangaza kwamba wafanyakazi wake wa Marekani watalipwa dola 15 kwa saa au zaidi. Kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima ni dola 7.25, nacho hakijaguswa tangu 2009. Kwa hiyo 15 ilionekana neema. Lakini zidisha 15 kwa saa 40, kisha kwa majuma 52: utapata dola 31,200 kwa mwaka. Mwaka 2024 serikali iliuweka mstari wa umaskini wa familia ya watu wanne kwenye dola hizo hizo 31,200. Na msaada wa chakula, yaani kadi tunayoizungumzia, kwa kawaida huwafikia wenye kipato kisichozidi asilimia 130 ya mstari huo. Basi mama anayelea watoto watatu kwa mshahara huo peke yake yumo katika kiwango cha kusaidiwa, hata asipokosa kazini siku moja.

Wako wanaosema wapokeaji ni wavivu. Ripoti ya wakaguzi wa Bunge la Marekani ya Oktoba 2020 inawajibu: miongoni mwa watu wazima wenye ajira waliopokea msaada wa chakula au bima ya afya ya Medicaid, takriban asilimia 70 walifanya kazi saa 35 au zaidi kwa juma. Katika orodha za waajiri wao yalikuwamo majina ya Walmart, McDonald's na Amazon.

Kuujaza ujira mdogo kwa fedha za umma si jambo geni. Mwaka 1795 mahakimu wa Berkshire, Uingereza, waliamua kuwa ujira wa vibarua wa mashambani ujazwe kwa kodi ya parokia kufuata bei ya mkate. Walalamikaji walisema mwenye shamba ameachiwa kulipa kidogo. Sheria ya 1834 ikaubana msaada, na wahitaji wakasukumwa kwenye nyumba za kazi. Aliyeadhibiwa ni kibarua.

Turudi Marekani: Septemba 2018 Seneta Bernie Sanders na mbunge Ro Khanna walipendekeza mwajiri mkubwa atozwe gharama ya msaada wanaopewa wafanyakazi wake. Nia ilikuwa njema, lakini hatari ilikuwapo: mwajiri angeweza kumkwepa mama mwenye watoto wengi. Muswada haukupita.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kadi ya chakula isiondolewe, kwa kuwa ndiyo inayompa mtoto mlo wa leo. Kinachopaswa kupanda ni ujira, mpaka mwenye kazi asiihitaji tena.

Juma lijalo: kura ya chama cha wafanyakazi wa Amazon kule Staten Island, 2022.