Uwanja Mgumu kwa Nani? Namba Mbili za Ugumu katika Gofu

Mkazi wa Kibiti anayetaka kuona uwanja wa gofu wenye mashimo 18 hulazimika kufuata Barabara ya Kilwa hadi Dar es Salaam, uliko uwanja wa Gymkhana na ule wa Lugalo unaomilikiwa na Jeshi la Wananchi. Na akiuliza upi kati ya viwanja hivyo ni mgumu zaidi, mtaalamu hawezi kumjibu kabla ya kujua ni mgumu kwa nani. Ni kama ilivyo kwa vyombo vya majini: nahodha aliyezaliwa katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, na mgeni aliyeshika usukani kwa mara ya kwanza hupita mkondo uleule, lakini maji yakipwa mmoja huchelewa kidogo tu, ilhali mwingine hukwama kwenye tope mpaka yajae tena.

Kwa sababu hiyo, Mfumo wa Dunia wa Handikapu, ulioanza kutumika mwaka 2020 chini ya taasisi za USGA na R&A, hupima kila uwanja kwa wachezaji wawili wa kufikirika. Wa kwanza ni bingwa asiyehitaji handikapu, yaani ile mikwaju ambayo mchezaji dhaifu hupunguziwa ili ashindane kwa haki na aliye bora, na huyu akiwa mwanamume huchukuliwa kuwa hupiga mpira yadi 250 kutoka kwenye kianzio. Wa pili ni mchezaji wa kawaida mwenye handikapu ya karibu 20, ambaye mkwaju wake wa kwanza hufika yadi 200, na wanawake nao wana vipimo vyao.

Timu ya wakadiriaji huanza na urefu, lakini si ule wa kamba pekee, kwani huzingatia miinuko, kona zinazomlazimu mchezaji kufupisha mkwaju, upepo uliozoeleka, na kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari. Arusha, iliyo kwenye mita zipatazo 1,400, hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali zaidi kuliko pwani. Kisha kila shimo hupewa alama kati ya 0 na 10 kwa kila aina ya kikwazo, kama vile mchanga, miti, maji na ugumu wa kulenga grini, yaani eneo la majani mafupi linalozunguka shimo.

Delta ya Rufiji yenyewe haina uwanja wa gofu, lakini kama ungekuwapo, ardhi yake tambarare isingeongeza alama nyingi, wakati mikoko iliyosimama kwenye maji kandokando ya njia ingezipandisha, hasa kwa mchezaji wa kawaida ambaye mpira wake hupotoka mara nyingi zaidi. Tope lingepunguza mwendo wa mpira ukishatua, na kusi na kaskazi zingerefusha mashimo fulani na kufupisha mengine. Hata hofu ina alama yake, ingawa haipatikani kwa kumuuliza mtu kama anaogopa, bali kwa hesabu inayotokana na wingi wa vikwazo vizito.

Matokeo ni namba mbili. Ya kwanza, kadirio la uwanja, ni mikwaju inayotarajiwa kwa bingwa akicheza vizuri, kwa mfano 71.0, na ya pili huitwa slopu, nayo huonyesha jinsi ugumu unavyoongezeka kwa mchezaji wa kawaida. Ikiwa huyo anatarajiwa kupiga mikwaju 94.0, tofauti ya 23 huzidishwa kwa 5.381, kizidisho cha wanaume, na slopu huwa 124. Akitarajiwa kupiga 90.0 katika uwanja mwingine wenye kadirio lilelile, slopu hushuka hadi 102. Kwa bingwa viwanja hivyo viwili ni sawasawa. Mwenye handikapu ya 18, hata hivyo, hupewa mikwaju 20 katika cha kwanza na 16 katika cha pili, kwa kuwa handikapu yake huzidishwa kwa slopu na kugawanywa kwa 113, ambayo ni slopu ya uwanja wa wastani, kisha hurekebishwa pale kadirio linapotofautiana na idadi ya mikwaju iliyopangiwa uwanja.

Namba hizo hukadiriwa kwa hali ya kawaida na huweza kudumu miaka 10 kabla ya kupimwa upya, muda ambao ni mrefu mno kwa ardhi inayobadilishwa na mto. Siku ya dhoruba haibadilishi slopu; mfumo hulinganisha matokeo ya wachezaji wasiopungua wanane wa siku hiyo na yale yaliyotarajiwa, na tofauti ikiwa kubwa, hesabu ya handikapu za waliocheza hurekebishwa kwa mkwaju mmoja hadi mitatu kwa siku ngumu, au mmoja tu kwa siku iliyokuwa nyepesi kupita kawaida.