Kilengeo cha Mbele: Kwa Nini Mlenga Bastola Haitazami Shabaha

Tarehe 30 Julai 2024, katika uwanja wa kulenga shabaha wa Châteauroux, mji ulioko kiasi cha kilomita 270 kusini mwa Paris, Waturuki Yusuf Dikeç na Şevval İlayda Tarhan walitwaa medali ya fedha ya Olimpiki katika shindano la bastola ya hewa kwa timu za mwanamume na mwanamke, baada ya kushindwa na Waserbia Zorana Arunović na Damir Mikec kwa pointi 16 kwa 14. Kilichosambaa duniani siku zilizofuata hakikuwa matokeo hayo bali picha ya Dikeç, mwanamume wa miaka 51 aliyesimama na fulana, miwani ya kila siku na mkono mmoja mfukoni, ilhali washindani wengi walikuwa wamevaa fremu zenye lenzi moja, vitundu vya kuchungulia na vipande vya kuziba jicho la pili. Wengi waliiona picha ile wakauliza ikiwa vifaa hivyo vina kazi yoyote au ni mapambo tu, na swali hilo ni la haki, ila haliwezi kujibiwa pasipo kueleza kwanza jambo ambalo kwa mtu asiyeujua mchezo huu husikika kama mzaha: mlenga bastola hodari haitazami shabaha.

Kuhusu picha yenyewe yatosha kusema mambo mawili. Mkono mfukoni si madaha, kwa kuwa karibu kila mshindani wa bastola ya hewa hufanya hivyo, au huuchomeka mkono wa pili kwenye mkanda, ili usibembee na kuutikisa mwili. Vile vifaa vya machoni navyo havikuzi chochote, maana kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Kulenga Shabaha haziruhusu darubini juu ya bastola, na kila mshindani hulenga kwa vilengeo vya wazi, yaani kipande chembamba cha chuma kilichosimama karibu na ncha ya mtutu, ambacho ndicho kilengeo cha mbele, na bamba lenye pengo la mraba lililo upande wa jicho, ambalo ndilo kilengeo cha nyuma. Kulenga ni kukiweka kile kipande katikati ya pengo, ukingo wake wa juu ukiwa sawa na ukingo wa juu wa bamba, na mikanda miwili ya mwanga, mmoja kila upande, ikiwa na upana mmoja.

Kanuni za shindano hilo ni finyu kwa makusudi. Bastola isizidi gramu 1500, risasi yake ya madini ya risasi iwe na kipenyo cha milimita 4.5, mlengaji asimame bila kuegemea popote na aishike bastola kwa mkono mmoja. Shabaha iko umbali wa mita 10, na duara lake la kumi lina kipenyo cha milimita 11.5. Kwa kuwa risasi ikigusa tu ukingo wa duara huhesabiwa kuwa imo ndani, kitovu cha risasi chaweza kuwa milimita 8 kutoka katikati na mlengaji bado akapata kumi yake. Hizo milimita 8 ndizo bajeti yake yote, na kinachofaa kuchunguzwa ni jinsi anavyoweza kuitumia.

Makosa ya kulenga ni ya namna mbili, na makala haya yatayaita kosa la sambamba na kosa la pembe. Kosa la sambamba hutokea bastola nzima inaposogea upande mmoja, au juu, au chini, huku mtutu ukibaki umeelekea mbele vilevile. Mkono ukienda kulia milimita 5, risasi nayo hutua milimita 5 kulia, basi. Kosa la pembe hutokea bastola inapopinda kwenye kifundo cha mkono, hata kama mkono haujasogea, na hapo hesabu hubadilika kabisa, kwa sababu pembe hukua kadiri umbali unavyoongezeka. Ikiwa vilengeo viwili viko umbali wa sentimita 35, kama ilivyo kwa bastola nyingi za mashindano haya, na kilengeo cha mbele kikahama milimita 1 tu kutoka katikati ya pengo, risasi itakapofika mita 10 itakuwa imekosea milimita 28 na zaidi, ambayo ni mara tatu na nusu ya bajeti nzima. Kwa hiyo bajeti ile ya milimita 8, ikihesabiwa kwenye vilengeo, hubaki milimita 0.28, yaani robo ya milimita na ushei kidogo. Ni kweli kwamba mkono wa binadamu huzunguka begani na hausogei sambamba kikamilifu, lakini maadamu vilengeo havijaachana, mzunguko huo huonekana mara moja kama kuyumba juu ya shabaha, nao una nafasi ya kusamehewa. Kosa la kifundo halina.

Manahodha wa pwani wamelijua jambo hili tangu zamani, japo hawakulihitaji kwa bastola. Nahodha wa jahazi anayeingia bandari yenye mwamba pande zote mbili hachagui alama moja ya nchi kavu bali mbili, moja karibu na ufuko na nyingine mbali nyuma yake, tuseme mnazi mrefu uliosimama peke yake na mnara wa msikiti ulioko kilimani. Maadamu mnazi umesimama mbele ya mnara hasa, jahazi limo ndani ya mkondo, na mnara ukianza kuchungulia upande mmoja wa mnazi, usukani hugeuzwa mara moja, hata kama maji yaliyo mbele yanaonekana salama. Nahodha mzoefu hapendi alama zilizokaribiana, kwa kuwa jahazi laweza kuhama mbali kabla hazijaonyesha kuachana, ilhali alama zenye masafa marefu kati yake hushtaki kosa lingali dogo. Na kwa sababu hiyohiyo mtengenezaji wa bastola ya mashindano huvitenganisha vilengeo kadiri kanuni inavyomruhusu, akiwa amewekewa kikomo na sanduku la kupimia lenye urefu wa milimita 420, ambamo bastola nzima sharti iingie. Tena nahodha anayeukodolea macho mwamba wenyewe ndiye anayeelekea kuupanda; anayesalimika ni yule anayeziamini alama zake mbili akaacha mwamba upite pembeni. Mlengaji naye anayeikazia macho shabaha huviachia vilengeo vyake kuachana pasipo kujua.

Hata hivyo jicho la mlengaji lina taabu ambayo jicho la nahodha halina. Alama zote mbili za nahodha ziko mbali, hivyo jicho huziona kwa pamoja, lakini mlengaji ana kilengeo cha mbele umbali wa karibu mita 1 na shabaha umbali wa mita 10, na lenzi ya jicho haiwezi kuviona vitu hivyo viwili kwa ukali uleule kwa wakati mmoja. Lazima achague, na hesabu humwelekeza wazi. Mboni yake ikiwa na upana wa milimita 3, naye akiitazama shabaha, kingo za kilengeo cha mbele hutandwa na ukungu wa karibu milimita 3, na ile mikanda miwili ya mwanga, ambayo kila mmoja una upana wa milimita chache tu, huyeyuka humo. Robo ya milimita haiwezi kuonekana hata kwa bahati. Akikitazama kilengeo cha mbele badala yake, doa jeusi la shabaha, lenye kipenyo cha milimita 59.5, huwa na ukungu pande zote, lakini ukungu huo huenea sawasawa, na katikati ya duara lenye ukungu ni palepale palipokuwa katikati ya duara lisilo na ukungu. Shabaha iliyofifia haimpotezei mlengaji chochote cha maana, ilhali kilengeo kilichofifia humpotezea karibu kila kitu.

Vifaa vya machoni hupata maana yake hapa. Kitundu kidogo kinachowekwa mbele ya jicho hupunguza upana wa mwanga unaoingia, na kwa kuwa ukungu hulingana na upana huo, kitundu cha milimita 1 hupunguza ukungu hadi theluthi moja. Gharama yake ni giza, ndiyo maana wengi hutumia kitundu kinachoweza kupanuliwa na kufinywa kulingana na mwanga wa ukumbi. Lenzi moja kwenye fremu hupimwa ili umbali ambao jicho huona vizuri bila kujikaza uangukie karibu na kilengeo cha mbele. Kipande cha kuziba jicho la pili humwezesha mlengaji kuliacha wazi, kwa sababu jicho moja likifumbwa misuli ya uso hukaza, na mboni ya jicho linalobaki nayo hupanuka, kwa vile mboni mbili huongozwa pamoja, na ukungu huongezeka. Dikeç hulenga macho yote mawili yakiwa wazi bila kipande hicho, jambo linalohitaji ubongo uliozoezwa kupuuza picha moja kati ya mbili. Umri nao haukumzuia: lenzi ya jicho la mtu aliyepita miaka 50 huwa imekakamaa kiasi cha kumnyima herufi za gazeti lililo karibu, lakini mita 1 bado huweza kufikiwa, na miwani iliyopimwa vizuri humaliza iliyobaki.

Kilengeo kikishawekwa sawa, hubaki kidole. Mkono hautulii kamwe, na kati ya jicho kuona picha nzuri na kidole kuitikia hupita takribani sehemu moja ya tano ya sekunde, muda unaotosha picha hiyo kuwa imeshaharibika. Kwa hiyo mlengaji mwenye mafunzo haisubiri picha kamili ndipo afyatue, bali huukubali mtikisiko ulio ndani ya bajeti na kukikaza kifyatulio polepole, akivitazama vilengeo, mpaka bastola ifyatuke. Kanuni zinataka kifyatulio cha bastola ya hewa kihimili angalau gramu 500, na kabla ya shindano mwamuzi hutundika uzito wa gramu 500 kwenye kifyatulio, mtutu ukielekezwa juu, kisha huinyanyua bastola. Uzito ukiondoka mezani bila kifyatulio kuachia, bastola imepita. Bastola yenyewe huwa na uzito unaokaribia kilo 1, kwa hiyo kidole hukaza kwa nguvu iliyo nusu tu ya uzito wa kitu kinachoshikwa, na kitako cha mbao, ambacho mshindani hukikwangua na kukiongezea gundi ya unga wa mbao mpaka kifuate kila bonde la kiganja chake, huzuia nguvu hiyo ndogo isiupinde mtutu.

Uwiano huo wa kidole na uzito ndio unaoitenganisha bastola ya mashindano na ile inayobebwa kiunoni kila siku. Glock 17, iliyochukuliwa na jeshi la Austria mwaka 1982 na ambayo bastola nyingi za polisi duniani zimefuata mkondo wake, ina uzito wa takribani gramu 630 bila risasi, na kifyatulio chake huhitaji nguvu ya karibu kilo 2.5, mara nne ya uzito wake. Umbali kati ya vilengeo vyake ni kama sentimita 16.5, hivyo kosa lilelile la robo ya milimita humpeleka mlengaji mbali zaidi ya mara mbili, na msukumo wa risasi yake ya milimita 9 unazidi ule wa risasi ya hewa kwa zaidi ya mara 30, kiasi kwamba anayejifunza huanza kuukunja mkono kabla ya mlio kwa kuuogopa. Hakuna lolote kati ya hayo lililo kasoro, kwa kuwa kifyatulio kizito hulinda kidole kilichoshtuka, na mtutu mfupi hukaa ndani ya ala bila kumsumbua anayetembea au kuketi. Mashindano ya bastola za namna hiyo yapo pia, hasa yale ya shirikisho lililoanzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, ambako pointi hugawanywa kwa sekunde, na hivyo mlengaji huamua mwenyewe ni ukali gani wa picha autoe ili apate kasi. Kwa masafa ya mita 5 au 7 uamuzi huo ni mwepesi. Kuanzia mita 25 kilengeo cha mbele hurejea kudai haki yake.

Anayechagua bastola, akishapata kibali ambacho sheria ya nchi yake humtaka awe nacho, afaa basi kuanza na mkono na jicho kabla ya jina la kiwanda: je, kidole hufikia kifyatulio bila kiganja kuhama, je, kilengeo cha mbele huonekana kwa ukali, na je, kinapokazwa kifyatulio cha bastola isiyo na risasi, iliyokaguliwa mara mbili na kuelekezwa mahali salama, kilengeo hubaki ndani ya pengo lake. Walimu wengi wa mchezo huu huwapa wanafunzi jaribio hilohilo kwa njia kali zaidi, kwa kuwafyatulisha kwenye karatasi nyeupe isiyo na doa, na matundu ya wanafunzi wengi hukaribiana zaidi kwenye karatasi hiyo kuliko kwenye shabaha yenye duara, kwa kuwa hapo jicho limenyimwa kitu cha kukimbilia na hulazimika kubaki kwenye kile kipande cha chuma.